Izime kwanza ile inveta, kisha tuongee

Kama ulijenga inveta ukifuata video yangu ya mwezi wa tano, fanya hivi kwanza: toa waya wa betri. Ndiyo, sasa hivi. Hii posti haiendi popote, itakungoja.

Sawa. Tuongee.

Naishi Spring Valley. Najua unachofikiria, na hapana, naishi SQ. Mathe anafanya kazi kwa nyumba kubwa, na sisi watatu, yeye, mdogo wangu na mimi, tunakaa nyuma: chumba kimoja na kajiko. Stima zikipotea hapa, unasikia jenereta zikianza moja baada ya nyingine, kuanzia upande wa Peponi Road hadi Lower Kabete Road, kama mbwa wanaojibizana usiku. Dakika moja haiishi na nyumba kubwa zote zinawaka. SQ yetu haiko kwa laini ya jenereta. Tunaketi gizani tukisikiza mngurumo wa stima ya wenyewe.

Tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipoingia gizani mpaka uwanja wa ndege wa JKIA ukazimika, watu walishangaa sana mtandaoni. Mimi nilicheka. Siku hiyo Kenya yote ilionja SQ kidogo.

Mwaka huu mdogo wangu anafanya KCSE. Alikuwa anasoma na tochi ya simu, simu inakufa saa nne usiku, kesho yake anaenda shule bila hata kumaliza zoezi. Nikasema wacha nimjengee inveta. Kitu kidogo tu: betri ya zamani ya gari ya volti 12, transfoma ya UPS iliyokufa niliyopata Luthuli Avenue, Arduino niliyokuwa nayo tangu chuo, draiva mbili za IR2110, na mosfeti nne za IRFZ44N. Taa mbili, ruta na laptopu. Basi.

Na kwa sababu mimi ni mimi, nikairekodi.

Mnaikumbuka ile video. Dakika nne. Nazima swichi ya ukutani, giza, halafu nabonyeza kitufe na taa inawaka, na mdogo wangu anatabasamu juu ya kitabu cha kemia. Ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Nilipata wafuasi wengi wiki hiyo kuliko mwaka mzima uliopita.

Kuna kitu hamkuona. Upande wa kushoto, nje kidogo ya picha, kulikuwa na feni ya kompyuta ya zamani inapuliza zile mosfeti kwa nguvu zake zote. Niliiweka hapo kwa sababu jaribio la kwanza, bila feni, niligusa mosfeti moja kwa kidole na ngozi ikabaki pale. Sikujua kwa nini zinachemka hivyo. Taa zilikuwa hazijaunganishwa hata! Lakini video ilikuwa inasubiri. Nikaleta feni, nikasogeza kamera kulia, nikaendelea. Wakati wa kuediti nikakata pia pale ninaposema "manze, hizi zinachoma." Ilikuwa inapunguza mwendo.

Wiki tatu baadaye nikapata ujumbe kwa inboksi. Kijana, amemaliza Form Four juzi, ana kinyozi kidogo mtaani kwao. Kila stima zikipotea mteja anaondoka na kichwa nusu. Alifuata video yangu hatua kwa hatua. Alitumia pesa aliyokuwa ameweka kwa miezi miwili. Akaunganisha betri, na ndani ya dakika moja hivi mosfeti mbili zikapasuka. Kipande cha plastiki kikamgonga juu ya nyusi. Juu ya nyusi, wasee. Sentimita mbili chini na leo ningekuwa naandika posti tofauti kabisa.

Hakunitukana. Hakuitisha pesa. Alituma picha ya bodi iliyoungua na swali moja: "Brathe, nilikosea wapi?"

Niliangalia hiyo picha kwa muda mrefu. Alikuwa amelehemu vizuri kuniliko. Waya zote zilikuwa sawa. Hakukosea mahali. Alifanya kila kitu nilichoonyesha, na hakufanya kile nilichoficha.

Sasa wacha nieleze nilichopaswa kueleza mwezi wa tano.

Ile sakiti ina nusu daraja mbili. Nusu daraja ni kitu rahisi: swichi mbili zimepangwa moja juu ya nyingine, ya juu imeshika chanya ya betri, ya chini imeshika hasi, na kati yao ndipo unapotoa stima ya kupeleka kwa transfoma. Ya juu ikiwaka, pale katikati panapata volti 12. Ya chini ikiwaka, panapata sifuri. Unazibadilisha haraka haraka, kwangu mara 20,000 kwa sekunde, na ndivyo unavyotengeneza stima ya kwenda na kurudi kutoka kwa betri isiyojua kurudi. Swichi zenyewe ni hizo mosfeti. Draiva kazi yake ni kusukuma geti ya mosfeti ili iwake na izime.

Kuna sheria moja tu ambayo haina msamaha: zote mbili zisiwake pamoja. Zikiwaka pamoja, hata kidogo, umeunganisha chanya na hasi ya betri ya gari na kipande cha chuma. Hakuna taa katikati, hakuna transfoma, hakuna kitu cha kuzuia.

"Lakini si uliambia Arduino hii ikiwaka ile izime?" Niliiambia. Inafanya hivyo kwa wakati mmoja kabisa, na hapo ndipo shida ilipo. Mosfeti haizimi pale unapoiambia izime. Geti yake ni kama kapasita ndogo: lazima chaji itoke kwanza. Karatasi ya data ya IRFZ44N inasema wazi: inachukua nanosekunde 12 kuanza kuwaka, lakini nanosekunde 44 kuanza kuzima, na zingine kama 45 kumaliza. Kuwaka ni haraka, kuzima ni pole. Kwa hivyo mpya inaingia kabla ya mzee kutoka. Na hizo namba ni za rezista ndogo ya geti, omu 12. Mimi nilikuwa na za omu 100 pekee kwa droo, nikaweka hizo. Yaani kutoka kwa pole nikaenda kwa pole sana.

Fikiria polisi wa trafiki Westlands asubuhi. Kabla ya kuruhusu upande wa pili, anasimamisha kila mtu. Kuna sekunde chache ambapo hakuna gari linasonga, junction iko tupu, na madereva wote wanapiga honi kama wazimu: "Si uturuhusu!" Inaonekana ni muda wa kupoteza bure. Lakini lile gari la mwisho bado liko katikati. Polisi akiruhusu mara moja, linapigwa ubavuni.

Hizo sekunde tupu, kwenye nusu daraja, ndizo mafundi wanaita dedi taimu. Mimi nimezoea kuuita muda mfu. Ni muda mdogo ambao zote mbili zimezimwa kwa makusudi, ya kwanza imalize kutoka ndipo ya pili iingie. Sakiti yangu haikuwa nao hata chembe.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hii ndiyo ilinitoa jasho. Tuseme zote zinawaka pamoja kwa nanosekunde 100 tu, na zinapitisha ampea 100, ambayo kwa betri ya gari si kitu cha ajabu. Kwa kila mzunguko inatokea mara mbili, kwa hivyo mara 40,000 kwa sekunde. Zidisha: ampea 100, mara nanosekunde 100, mara 40,000. Unapata wastani wa ampea 0.4. Mara volti 12, ni karibu wati 5 kwa kila nusu daraja, na hujawasha hata taa moja. Gawanya kwa mosfeti mbili: wati 2.5 kila mmoja. Karatasi ya data inasema IRFZ44N ikisimama peke yake hewani, kila wati inaipandisha joto nyuzi 62. Mara 2.5 ni nyuzi 155. Ongeza joto la chumba, umefika karibu nyuzi 177. Mwisho wake ni 175.

Soma tena hapo. Bila feni, ile sakiti ilikuwa imeundwa kufa. Feni ndiyo ilikuwa inaishikilia, na feni niliitoa kwa picha.

Tiba ni ya kuchekesha kwa bei yake. Kuna njia tatu.

Ya kwanza, nunua draiva ambayo muda mfu umo ndani. IR2104 kwa mfano ina karibu nanosekunde 520 kutoka kiwandani. Ni safi, ukipata ya kweli. Lakini huwezi kuubadilisha, na kijana wetu tayari alikuwa na IR2110 mbili ambazo zilipona, na IR2110 haina muda mfu wa ndani. Inafuata tu unachoiambia, hata ukiiambia ujinga.

Ya pili, weka kwenye programu. Kuna maikrokontrola zenye kifaa hicho ndani. Arduino Uno haina, kwa hivyo inabidi uchezee namba za taima mwenyewe. Inawezekana. Lakini ukikosea mstari mmoja saa sita usiku, sakiti inalipa.

Ya tatu ndiyo nataka ushike: rezista moja, dayodi moja, kapasita moja, kwa kila mguu wa kuingia wa draiva. Kwa nusu daraja mbili ni seti nne. Mimi nililipa shilingi 80 kwa zote kumi na mbili.

Inafanya hivi. Kati ya pini ya Arduino na mguu wa draiva weka rezista ya omu 1,000. Kwenye mguu wa draiva weka kapasita ya nanofaradi 1 iende graundi. Kisha weka dayodi ya 1N4148 sambamba na rezista, ule mstari mweusi wa dayodi ukiangalia Arduino. Rudia: mstari uangalie Arduino. Ukigeuza, umetengeneza kinyume cha dawa, na zitawaka pamoja kwa muda mrefu zaidi.

Arduino ikisema "waka", dayodi inakataa kupitisha, kwa hivyo stima inapita kwa rezista na kujaza kapasita polepole. Draiva haisikii amri mpaka kapasita ifike karibu nusu ya njia. Hapo umepata kuchelewa kwa kati ya mikrosekunde 0.7 na 1. Arduino ikisema "zima", dayodi inafunguka na kapasita inamwaga yote mara moja. Kuzima hakucheleweshwi, kuwaka kunacheleweshwa. Ni hayo tu.

Mtu atauliza: ile volti inayopanda polepole haiwezi kuchanganya draiva? Kwa IR2110, hapana. Miguu yake ya kuingia ina kile kinachoitwa Schmitt, yaani haiyumbiyumbi katikati: ikishasema ndiyo, haigeuki mpaka volti ishuke sana. Kama draiva yako haina, pitisha kwanza kwa chipu ya 74HC14.

Na si ati ukiongeza zaidi ndio bora zaidi. Mzunguko wangu mmoja ni mikrosekunde 50, kwa hivyo kupoteza chini ya 2 ni chini ya asilimia 4, hiyo naikubali. Ukiweka mikrosekunde 10, stima inapungua, umbo lake linaharibika, na mosfeti zinaanza kuchemka kwa njia nyingine, kwa sababu muda wote huo mkondo unapita kwa dayodi yao ya ndani. Kapasita za bei rahisi pia si waaminifu, ile imeandikwa 1 inaweza kuwa 0.8. Wacha nafasi. Na zile rezista za geti za omu 100, nilizitoa nikaweka za 22.

Sasa, sina oskiloskopu. Wewe pia huna. Utajuaje kama imefanya kazi? Hapa nitawapa mbinu niliyofundishwa na fundi mmoja wa magari pale Grogan nilipoenda kutafuta fyuzi. Chukua balbu ya indiketa ya gari, ya volti 12 wati 21. Iweke kwa laini ya chanya, kati ya betri na sakiti. Toa transfoma kabisa. Washa.

Balbu ikiwaka, stima inapita mahali haifai kupita: mosfeti zinawaka pamoja. Ikikaa giza, ziko sawa. Na hata zikiwa mbaya, balbu inazuia mkondo na hakuna kitu kinapasuka. Balbu ya gari, wasee. Hiyo ndiyo oskiloskopu yetu.

Nilijaribu kwanza sakiti ya ile video, bila kubadilisha kitu. Balbu ikawaka rangi ya chungwa. Nilikaa nikaiangalia. Ile rangi ilikuwa pale siku zote, nilikuwa sina tu mahali pa kuiona. Nikaweka zile seti nne, nikawasha tena. Giza. Nikangoja dakika kumi, nikagusa mosfeti. Zilikuwa vuguvugu, kama kikombe cha chai uliyoisahau.

Nilipoandika kwamba nitatoa marekebisho, msee mmoja alikomenti: "Ndio maana watu humaliza chuo." Alipata likes nyingi. Wacha nimjibu vizuri. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikwama na mambo mengine yakafuata. Ningependa kusema somo hili ni la mwaka wa tatu, kwa hivyo si kosa langu. Lakini ile karatasi ya data ni PDF ya bure. Nilikuwa nayo kwa simu. Zile namba, 12 na 44 na 45, ziko ukurasa wa pili. Sikufika ukurasa wa pili. Chuo hakihusiki hapo. Mimi ndiye sikungoja.

Na hapa ndipo nina maoni, kwa sababu mnakujia maoni. Sisi tunaotengeneza video tumefundishwa kitu kimoja: ua ukimya. Kata kila pumzi, kila "aah", kila sekunde ambayo hakuna kitu kinatokea, la sivyo mtu anasongeza kidole na umempoteza. Nimekuwa mzuri sana kwa hiyo kazi. Lakini ukijenga kitu cha kweli, zile sekunde ambazo hakuna kitu kinatokea ndizo za maana. Ni pale umeketi na kidole karibu na mosfeti ukingoja kuona kama inachemka. Nilikata hizo. Nikapata video tamu, na kijana wa watu akapata plastiki usoni.

Siwaambii msijenge. Jengeni. Nani atatujengea, wenye jenereta? Lakini ukiona video ya sakiti ambayo kila kitu kinakubali mara ya kwanza, uliza: feni iko wapi? Na wenzangu mnaoposti, acheni zile dakika mbaya ndani. Atakayeondoka, aondoke.

Ile video nimeificha. Wengine mliniambia niweke tu onyo kwa komenti. Nani anasoma komenti ya tatu akiwa na pasi ya kulehemu mkononi? Ndiyo iliyokuwa inanilipia bando, na mathe ameniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nina uhakika.

Kijana wa kinyozi nilimtumia kifurushi kwa matatu: mosfeti nne, zile seti nne, hitisinki, fyuzi, na balbu ya indiketa. Tuliongea kwa simu karibu saa nzima. Nilimwambia vitu vitatu ambavyo nawaambia na nyinyi: fyuzi kwa waya wa betri kila wakati, miwani ya macho hata kama ni ya kuazima, na ile stima inayotoka kwa transfoma ni volti 240 kama ya ukutani, haikujui na haikuhurumii. Muda mfu unalinda mosfeti. Haukulindi wewe.

Jumapili akanitumia picha. Ni meza, bodi, betri, na balbu. Balbu imezima. Ni picha mbaya kweli, giza, imetikisika, hakuna mtu angeibonyeza. Bado hajaweka mashine ya kunyoa, mama yake amesema aione ikikaa wiki nzima kwanza. Nilimwambia mama yake yuko sawa.

Kwa hivyo kama uliijenga ile ya kwanza na bado iko sawa, usijipe moyo. Pengine una feni. Pengine SQ yenu ina baridi. Toa betri, nunua zile vitu za shilingi 80, weka balbu, na ungoje dakika kumi ukiwa umeketi hapo. Kisha nitumie picha ya balbu iliyozima. Nitaziposti zote.